Jinsi Shule Ndogo za Mpakani Zilivyopoteza Wachezaji Siku za Korona

Katika kurasa hizi za Kiswahili mara nyingi twasoma habari za mechi: nani alishinda, nani alifunga, na kombe limekwenda wapi. Leo nataka kueleza jambo lisiloonekana siku ya mechi, nalo ni hili: mchezaji wa shule ndogo hupatikanaje? Tena ilikuwaje aliposhindikana kupatikana, katika miaka ya korona, 2020 na 2021, hapa kwetu Busia na ng'ambo huko Tororo? Naona ni vema jambo hili liandikwe, maana wengi walioumia ni vijana tunaowafahamu kwa majina, na wanafunzi watakaotufuata hawatakumbuka.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, nianze na mahali penyewe. Busia ni miji miwili yenye jina moja, Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na mpaka umepita katikati yake. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Mtu huweza kuwa na shangazi Uganda na mjomba Kenya, akawaamkia wote wawili Jumapili moja kwa miguu. Ukielekea kaskazini utafika Malaba wanakopita madereva wa malori, kisha Tororo, mji wenye mwamba mkubwa unaoonekana kutoka mbali sana. Mwezi wa Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Lakini vijana wa mpira hawakungoja kituo hicho. Tangu zamani timu za vijiji na za shule zimekuwa zikivuka kucheza mechi za kirafiki, na kijana akicheza vizuri ng'ambo, habari zake hufika huku kabla ya jua kuchwa.

Sasa, shule kubwa za mpira mnazijua. Huku magharibi ya Kenya kuna Kakamega School, ambayo timu yake huitwa Green Commandos, kuna Musingu, kuna St. Anthony's ya Kitale. Uganda kuna St. Mary's Kitende, ambayo mwenyewe, Bwana Lawrence Mulindwa, ndiye pia mwenye klabu ya Vipers, na uwanja wa klabu uko pale pale Kitende. Kijana akiingia shule ya namna hiyo, jina la shule peke yake humtangaza.

Shule ndogo ni nyingine. Ni ya kutwa, au ina bweni dogo. Mwalimu wa michezo ni mmoja, naye hufundisha Hesabu au Dini asubuhi kutwa kabla ya kupuliza filimbi saa kumi. Mipira ni miwili, na mmoja umeshonwa. Tangu 2018 Serikali ya Kenya ilipanga kulipa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na fedha hizo zina kazi nyingi kabla ya kufika uwanjani. Wakati korona ilipoingia, karo iliyowekwa kwa shule za kitaifa ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na kwa shule nyingine za bweni shilingi 40,535. Shule kubwa yenye wafadhili huweza kumsamehe mchezaji karo hiyo yote. Shule ndogo ikimsamehe mmoja, mwalimu mkuu atakuna kichwa muhula mzima.

Basi shule ndogo hupataje wachezaji? Nimemwuliza mwalimu wetu wa michezo na walimu wawili wa shule jirani, nao wakanieleza kwamba milango ni minne.

Mlango wa kwanza ni michezo ya shule za msingi. Hiyo huanza katika eneo dogo la shule chache, ikapanda mpaka kaunti ndogo, halafu kaunti. Mwalimu wa sekondari husimama kando ya mstari na daftari mkononi, akiandika: namba 7, mguu wa kushoto, shule fulani, babaye ni fulani. Mlango wa pili ni mashindano ya vijijini ya likizo, hasa ya Agosti na Desemba, ambayo zawadi yake ni jogoo, mbuzi, ama fahali akitokea mwanasiasa mkarimu. Hapo ndipo huonekana kijana asiye na viatu, ambaye shule yake ya msingi haikufika mbali. Mlango wa tatu ni maneno ya watu. Mwanafunzi wa zamani aliyekuwa mwalimu huko Teso au Samia hupiga simu na kusema, "Mwalimu, nina mtoto hapa, njoo umtazame." Mlango wa nne ni mechi za kirafiki, na kwetu sisi hizi ni pamoja na zile za kuvuka mpaka.

Kijana akipendwa, mwalimu huenda nyumbani kwao. Hapo mazungumzo si ya fedha nyingi kama watu wanavyodhani. Mzazi wa kwetu huuliza kwanza habari za chakula cha mchana, halafu sare, halafu kama mtoto ataruhusiwa kufanya mtihani karo ikichelewa. Mwalimu akiweza kuahidi hayo matatu na jozi ya njumu, mara nyingi neno limekwisha. Hata hivyo mchezaji hadumu. Akicheza vizuri katika michezo ya kaunti, shule kubwa humwona na kumchukua mwaka unaofuata, na shule ndogo huanza tena kutafuta. Kila mwaka lazima wapatikane wengine.

Tazameni sasa milango hiyo minne. Yote huhitaji kitu kimoja: mtu mzima asimame kando ya uwanja amwone kijana akicheza. Shule kubwa ina jina, na vijana huifuata wenyewe, wengine wakilala njiani ili wafike kwenye majaribio. Shule ndogo haina jina wala mfuko. Ina macho tu. Nayo korona iliyafumba macho hayo.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais alitangaza kufungwa kwa shule: za kutwa tangu Jumatatu tarehe 16, na za bweni kufikia tarehe 18. Uganda ilifunga shule tarehe 20 mwezi huo huo, na tarehe 23 mpaka ulikuwa umefungwa kwa wasafiri. Malori ya mizigo tu ndiyo yaliyoruhusiwa. Madereva walipoanza kupimwa, foleni ya malori huku Malaba na Busia ikawa ndefu hata watu wakapika na kufua kando ya magurudumu. Tarehe 27 Machi kafyu ya usiku ikaanza Kenya. Mikusanyiko ikakatazwa, na mashindano ya vijijini nayo ni mikusanyiko. Kwa hiyo katika majuma mawili milango yote minne ilifungwa: hapana michezo ya msingi, hapana fahali wa Agosti, hapana mwalimu wa kupiga simu kwa kuwa naye yuko nyumbani, hapana kuvuka.

Wengi hudhani kwamba hasara ilikuwa kukosa mpira kwa muda, kama vile mvua inapoharibu mechi ikaahirishwa. La, hasara ilikuwa kubwa kuliko hiyo, kwa sababu mpira ulisimama lakini umri na kidato havikusimama. Niwaeleze kwa hesabu.

Katika Kenya kandanda ya shule huchezwa muhula wa pili. Chukueni mwanafunzi aliyekuwa Kidato cha Tatu mwezi wa Machi 2020, kama alivyokuwa kaka yangu, aliyecheza kiungo katika shule ya kutwa karibu na nyumbani. Mwezi wa Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea. Mwezi wa Oktoba wakarudishwa Kidato cha Nne peke yao kwa upande wa sekondari. Kaka yangu alirudi tarehe 4 Januari 2021, akamalizia Kidato cha Tatu, akaingia Kidato cha Nne tarehe 26 Julai 2021, akafanya mtihani wake mwezi wa Machi 2022. Mihula ilikuwa imefupishwa ili kufidia muda, na mashindano ya shule hayakupata nafasi. Yaliporudi mwaka 2022, yeye alikuwa amekwisha kutoka. Miaka miwili ambayo mchezaji wa sekondari huonekana kuliko yote, Kidato cha Tatu na cha Nne, ilipita bila yeye kuvaa jezi ya shule katika shindano hata moja.

Hilo ndilo shimo la kwanza: walioondoka bila kucheza. La pili ni la walioingia bila kuonekana. Mimi nilikuwa darasa la saba shule zilipofungwa. Kwa miaka miwili hapakuwa na michezo ya shule za msingi, na kwa hiyo sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwezi wa Mei 2022, pamoja na wenzetu waliotutangulia mwaka 2021, hatukuwa tumeandikwa katika daftari la mwalimu yeyote. Mwalimu wetu wa michezo anasema kwamba ukurasa wa mwisho wenye majina katika daftari lake ulikuwa wa mwaka 2019, na baada ya hapo karatasi nyeupe.

Tena palikuwa na jambo la mkoa wetu hasa. Mwezi wa Juni 2021, korona ya namna ya Delta ilipoenea, kaunti 13 za upande wa ziwa na magharibi, Busia ikiwamo, ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Mazoezi ya vijana wa kwetu ni ya jioni, baada ya kazi na shamba. Ukianza saa kumi na moja, utacheza nusu saa kisha utazame saa, maana askari wa doria hawakuuliza kama umetoka mpirani. Kafyu iliondolewa nchini tarehe 20 Oktoba 2021.

Ng'ambo mambo yalikuwa mazito zaidi. Uganda iliwarudisha wa madarasa ya mtihani Oktoba 2020, wengine wakarudi kwa zamu mwaka 2021, halafu mwezi wa Juni 2021 shule zikafungwa tena. Zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Hapana nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu hivyo. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ya Uganda ilikadiria kwamba huenda asilimia 30 ya wanafunzi wasirudi kabisa. Waliorudi walipandishwa darasa wote, hata yule ambaye hakusoma chochote. Kijana wa Tororo aliyekuwa na miaka 16 siku ya kufunga alirudi akikaribia miaka 18, ndevu zimeota, na mashindano ya shule yana kikomo cha umri.

Walikuwa wapi muda huo wote? Wengine waliendesha bodaboda. Wengine waliosha malori Malaba. Ng'ambo, wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Tiira, katika wilaya ya Busia ya Uganda. Na wako waliobeba mizigo kwa njia za panya usiku, sukari huku, mafuta kule. Mtoto aliyezoea kushika fedha yake kila jioni ni vigumu kumwambia arudi darasani avae kaptura. Timu za wasichana ziliumia zaidi, kwa kuwa baadhi yao walipata mimba au waliozwa, na timu nzima ya shule moja jirani ilianza upya ikiwa na wasichana wanne tu waliowahi kucheza.

Lakini je, mpira wote ulisimama? Hapana, na hapa ndipo naomba mwangalie kwa makini. Mapema 2021, wakati wanafunzi wengi wa Uganda walikuwa bado nyumbani, timu ya taifa ya Uganda ya vijana chini ya miaka 20 ilikuwa Mauritania ikicheza Kombe la Afrika. Ikafika fainali, ikafungwa na Ghana mabao 2 kwa 0 tarehe 6 Machi 2021. Derrick Kakooza wa klabu ya Police ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa mashindano. Sisi huku tulishangilia kama majirani. Vijana hao waliweza kucheza kwa kuwa walikuwa na klabu, kambi, daktari, na mtu wa kulipia vipimo. Hata hivyo wadogo zao, wa chini ya miaka 17, ambao walikuwa wamefuzu kwenda Morocco mwaka huo huo, walikuta mashindano yao yamefutwa. Hata mashindano ya dunia ya vijana ya mwaka 2021, ya chini ya miaka 17 na ya chini ya miaka 20, FIFA iliyafuta yote mawili. Basi ikiwa kijana wa taifa alipotezewa bahati yake, fikirini yule wa shule ya kutwa ya Samia. Wa kwanza alipoteza kombe, lakini jina lake lilikwisha kujulikana. Wa pili hakujulikana kabisa.

Wako watakaosema, "Hiyo ni bahati mbaya ya dunia nzima, nani angefanya nini?" Neno hilo nimelifikiri sana, na nimesoma walivyofanya wengine. Katika vyuo vya Marekani, ambako mchezo wao wa mpira ni tofauti na wetu, mwanamichezo huruhusiwa kuchezea chuo kwa misimu minne tu. Korona ilipoingia, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vyao vikubwa kilikataza makocha wasikutane na vijana ana kwa ana, tangu Machi 2020 mpaka mwisho wa Mei 2021. Huko nako vyuo vidogo viliumia, maana kocha wa chuo kisicho na jina hutegemea kumwona kijana kwa macho yake kama mwalimu wetu. Lakini wanamichezo waliokuwa tayari chuoni walipewa mwaka mmoja wa nyongeza. Maana yake, saa ya mchezo ilisimamishwa pamoja na mchezo. Hata michezo ya Olimpiki iliyoahirishwa kutoka 2020 mpaka 2021 ilifanya hivyo: kandanda ya wanaume, iliyo ya chini ya miaka 23, iliruhusu wale waliokuwa wamefikia 24. Kwa hiyo jambo hili lilifikiriwa na watu na likawezekana. Nyongeza ya mwaka, hata hivyo, ina matata yake. Huko Marekani waliobaki walijaza nafasi, na vijana waliotoka sekondari wakakosa pa kuingia. Hapa kwetu mwanafunzi hawezi kukaa Kidato cha Tano kisichokuwapo ili acheze mpira. Dawa yao haitufai yote, lakini wazo lake latufaa: aliyepotezewa muda bila kosa lake afikiriwe.

Kwa kuwa hapakuwa na mechi, palibaki habari tu, na habari bila mechi ni kitu cha hatari. Magazeti yaliandika juu ya ligi kubwa: kwamba Gor Mahia wametangazwa mabingwa wa Kenya wa 2019/20, kwamba Vipers wametangazwa mabingwa wa Uganda, ligi zote mbili zikiwa zimekatizwa kabla ya kwisha. Juu ya shule ndogo hapakuandikwa neno. Basi vijana wakategemea ujumbe wa simu uliopitishwa kutoka mkono hadi mkono: fulani amechukuliwa Kampala; shule fulani inatafuta mlinda mlango; kuna majaribio mwezi ujao, tuma fedha za fomu. Rafiki ya kaka yangu aliuza kuku wa mamaye akatuma fedha kwa mtu aliyejiita wakala, na namba ile haikupatikana tena. Zamani udanganyifu wa namna hiyo ulikuwa mgumu, kwa sababu anayetaka kukuchukua alipaswa kuja kukuona kwanza. Mechi ilikuwa ushahidi kwa pande zote mbili: kijana alionyesha mguu wake, na mgeni alionyesha uso wake.

Mashindano yaliporudi mwaka 2022 kila shule ilitafuta njia yake. Shule zenye nguvu ziliita majaribio, na vijana wakaja kwa mamia. Wako pia watu wazima waliowashauri vijana waanze tena kidato cha chini kwa hati mpya yenye miaka pungufu, huku au ng'ambo. Mimi siwezi kulitetea jambo hilo, kwa kuwa kila nafasi iliyochukuliwa na mtu wa miaka 22 ilinyang'anywa mtoto wa miaka 16 ambaye naye alikuwa amengoja miaka miwili. Lakini tukilaumu, tukumbuke jaribu lenyewe lilitoka wapi.

Shule yetu haikuwa na fedha za kuita majaribio. Mwalimu wetu alifanya jambo rahisi. Alitoa amri kwamba wavulana wote wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, warefu kwa wafupi, waje uwanjani kila Jumatano na Ijumaa kwa majuma manne. Akawagawa katika timu kwa kupiga kura, bila kujali nani ni rafiki ya nani, akabadilisha timu kila juma, akakaa chini ya mti na daftari lake. Wengine wetu tulicheza vibaya mpaka wenzetu wakacheka, nami nilikuwa mmoja wa waliochekwa. Walakini katika majuma hayo manne walipatikana vijana sita ambao hapana mtu aliyewajua. Mmoja alikuwa ameshinda miezi mingi akidaka mifuko iliyotupwa kutoka juu ya malori. Mwalimu alipomtupia mpira aliudaka kwa mkono mmoja kama kitu chepesi, akaulizwa, "Wewe umecheza wapi?" Akajibu, "Sijacheza, mwalimu, nimefanya kazi." Akalinda lango letu miaka mitatu.

Kutokana na hayo nimejifunza mambo ambayo nataka kuyaweka mbele yenu, hasa ninyi ndugu zetu wa zamani.

La kwanza, daftari lisikae kwa mtu mmoja. Mwalimu akihamishwa huondoka na majina yote. Yafaa shule iwe na kitabu chake, chenye jina la kijana, kijiji, shule ya msingi, mwaka wa kuzaliwa kwa hati, na nani alimwona akicheza wapi. Siku milango ikifungwa tena, iwe kwa ugonjwa au kwa jambo lingine, walau tutajua nani wa kumtafuta na nyumba yake iko wapi.

La pili, tucheze karibu. Mwaka 2024 michezo ya shule za Afrika Mashariki ilichezwa Mbale na Bukedea, na mwaka 2025 ikachezwa Kakamega. Miaka miwili mfululizo wakubwa walikuja mpaka mlangoni kwetu, nasi tukawa watazamaji. Si vibaya kutazama. Lakini ligi ndogo ya shule nne au tano za Busia zote mbili na Tororo, ya kuchezwa Jumamosi kwa nauli ya bodaboda, ingetupa macho mengi zaidi kuliko safari moja ya mbali kwa mwaka. Mechi hizo ziandikwe matokeo yake, na yabandikwe ubaoni na katika gazeti hili, ili jina la kijana wa shule ya kutwa lipate kuchapwa walau mara moja.

La tatu, ninyi mliosoma hapa mmetawanyika: walimu, madereva, wauguzi, watu wa forodha. Mlango wa tatu ni wenu, na hauhitaji fedha. Ukimwona mtoto anayecheza vizuri mahali ulipo, tupigieni simu. Na mtoto huyo akija, mwulizeni pia habari za masomo yake, maana mpira humwingiza kijana darasani, lakini goti likiumia ni darasa litakalomlea.

La nne na la mwisho ni habari ya wale waliopotezewa miaka yao. Hao hawakufeli, wala hawakufukuzwa, wala hawakushindwa na mtu uwanjani. Leo wana miaka 22 mpaka 25. Mtawakuta Marachi, Burumba, Sofia, na kando ya barabara ya Malaba, wakiendesha pikipiki au kuuza nguo. Kaka yangu ni mmoja wao. Huendesha bodaboda siku sita, na Jumamosi alasiri huwafundisha watoto wa mtaani kupiga pasi, bila malipo, kwa mpira alioununua mwenyewe. Siku hizi kabla ya mazoezi huandika majina yao na umri wao katika daftari la shule la kurasa 96, na mwalimu wetu wa michezo amekwisha kuja mara mbili kulisoma.

Nawaombeni wakuu wa shule na chama cha wanafunzi wa zamani: katika mechi ya kila mwaka baina ya wanafunzi na wakubwa zao, waiteni vijana wa vidato vilivyoondoka 2021 na 2022. Wapeni jezi. Hatuwezi kuwarudishia mashindano yao, lakini twaweza kuwapa siku moja wacheze watu wakiwatazama, na baada ya mechi tuwaombe watusaidie kuwatafuta wadogo wao, kwani hapana ajuaye zaidi yao hasara ya kutoonekana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne